Samaki Mmoja Akioza

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii tumezoea kumtupia mtoto mtundu, lakini wavuvi wa Ziwa Victoria waliionja yenyewe mwaka 1999. Wachache upande wa Uganda walidaiwa kuvua kwa sumu. Umoja wa Ulaya ukafunga soko, na sangara wa Mwanza na Kisumu wakakataliwa pamoja na wa Jinja. Ilikuwa balaa ya tatu mfululizo: 1997 kulikuwa na vimelea vya salmonela, 1998 hofu ya kipindupindu.

Kiwanda cha minofu kikikosa mnunuzi, wakala wake haleti barafu. Asipoleta, mvuvi huuza kwa bei ya kutupa kabla jua halijawa kali, na deni la nyavu liko palepale. Tena si yeye peke yake. Yuko mama anayenunua mapanki kiwandani, yaani kichwa na mgongo uliobaki minofu ikishakatwa, akayakausha na kuyakaanga kwa wateja wasioweza kununua sangara mzima. Mzungu akisusa minofu, karai la mama huyu nalo linapoa. Sijui kama kuna aliyemkumbuka katika vikao vya wakubwa.

Ukombozi haukuja kwa pesa za pole. Serikali za nchi tatu zilikaza ukaguzi, zikajenga uwezo wa kupima samaki, na baadhi ya mialo ya kushushia samaki ikapata sakafu, paa na maji safi ili samaki asiburuzwe mchangani. Soko likafunguliwa tena, Kenya ikiwa ya mwisho. Kwangu mimi huo ndio msaada wenye akili, maana pesa ya pole huliwa ikaisha, ila mkaguzi hodari hulinda samaki wa mwaka huu na wa mwakani. Kosa ni kwamba ufa uliachwa hadi ukawa ukuta wa kujenga. Salmonela ya 1997 ilitosha kuwa onyo.

Na mtungo wa samaki una mwenyewe. Mvuvi wa Ukerewe hawezi kumkagua mwenzake wa Jinja. Serikali zinaweza, na kodi zinakusanya.

Basi waheshimiwa mnaopanga bajeti ya uvuvi, msisubiri barua nyingine kutoka Brussels. Anzeni na ule mwalo usio na choo wala barafu, na mkifika hapo mwulizeni mama wa mapanki anahitaji nini.