Hina ya Arusi na Wino wa Sindano

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora kuliko yote, akampa mikono ya kushikia na kipaji cha kusujudia. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, mwezi wa Mfungo Mosi umeshaingia, nao kwa ada ya pwani yetu ni mwezi wa arusi, hata hapiti mtu jioni vichochoroni mwetu ila hunusa udi uliofukizwa katika nyumba moja na hina mbichi katika nyumba ya pili. Nami nimeona yanipasa kusema nanyi juu ya mapambo ya mwili, kwa kuwa binti zetu, na wavulana wetu pia, siku hizi huipeleka mikono yao kwa mafundi wawili, mmoja ameshika hina na wa pili ameshika sindano, na wengi wao hawajaelezwa kitu gani kinawatenga mafundi hao.

Nilipokuwa mdogo, uani kwa bibi yangu palikuwa na mhina mmoja, wenye majani madogo na maua yenye kunukia sana wakati wa magharibi. Siku kadha kabla ya arusi bibi huchuma majani, akayaanika kivulini, kisha akayatwanga na kuyachekecha kwa kitambaa cha bafta hata unga ukawa laini kama wanja. Huukanda unga ule kwa maji ya ndimu, akaufunika, akauacha saa nyingi. Nasi watoto tukimuuliza mbona hapaki papo hapo, hutujibu kwamba hina haijaamka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kuwa neno lake lilikuwa na ukweli, maana ule ukali wa ndimu ndio unaoitoa rangi polepole katika jani. Usiku biharusi huketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha na viganja ameviacha wazi, na somo yake humlisha kwa mkono kama mtoto, kwa kuwa hawezi kushika kitu. Asubuhi hina kavu hupukutishwa, na biharusi huona rangi ya chungwa akasikitika; lakini kesho yake ile rangi imekwisha iva, imekaribia ya karafuu. Baada ya wiki mbili au tatu ngozi ya juu hujivua yenyewe, kama ilivyo ada ya ngozi ya kila mtu, na hina huondoka nayo.

Jambo hili ni la kale mno. Wamisri wa zama za Mafirauni waliijua hina kabla ya Uislamu kwa maelfu ya miaka; Bara Hindi, Sham, Yemeni na Maghribi yote wanayo, na hata Mayahudi wa Yemeni walikuwa na usiku wa hina wa biharusi. Mwaka 2024 nchi 16 za Kiarabu, Omani na Yemeni zikiwamo, zilikubaliwa na UNESCO kuiandikisha hina kuwa urithi wao wa pamoja. Lakini kwetu sisi iko daraja iliyo juu ya urithi. Imepokewa kwa Salma, mtumishi wa nyumba ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Mtume hakupatwa na jeraha wala mchomo wa mwiba ila alimwamuru amtilie hina pale. Na siku ya kufunguliwa Makka, katika mwaka wa 8 wa Hijra, aliletwa mzee Abu Kuhafa, babake Abubakari, kichwa na ndevu nyeupe pe, na Mtume akaamuru zibadilishwe rangi, ila waepuke nyeusi. Abubakari mwenyewe alikuwa akitia hina iliyochanganywa na mmea wa katamu, na Omari akitia hina tupu.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwanamume hutia hina mvi zake. Mikononi na miguuni hatii kwa pambo, ila kwa dawa. Mjane aliyemo katika eda ya miezi minne na siku kumi huiacha mpaka eda itimie. Na rangi ya hina haizuii udhu, maana rangi haina kiwiliwili cha kuyazuia maji. Kinachozuia ni ule utope wake ukiwa umekauka juu ya ngozi, nao lazima uondolewe kwanza.

Hapa, mama zangu, sina budi kusimama juu ya piko. Piko ni rangi nyeusi ya nywele, nayo ina dawa kali ya viwandani iitwayo parafenilenediamini, ambayo Ulaya na Marekani huiruhusu katika rangi ya nywele tu, wala hawairuhusu itiwe juu ya ngozi. Wachoraji wengi huipenda kwa kuwa hukolea upesi na kuonekana mbali. Nimeuona kwa macho yangu mkono wa binti wa jamaa yangu, siku chache baada ya arusi yake: maua aliyochorwa yalikuwa yamevimba mstari kwa mstari, kila jani na kila kikonyo kimeinuka kwa malengelenge, hata ungaliweza kulifuata ua lile kwa kidole ukiwa umefumba macho. Na mwili ukisha kuikataa dawa ile mara moja, aghalabu huikataa maisha yote. Mtume wetu amekataza kujidhuru na kudhuru wengine, na katazo hilo limemwingia mchoraji kama lilivyomwingia mchorwaji. Kwa hiyo muulizeni anayewapaka ametia nini katika kibakuli chake, wala msione haya, na akisema hina yake ni nyeusi tangu asili, ondokeni, kwani jani la mhina halitoi nyeusi.

Ama sindano, nayo ina historia yake ndefu. Wamakonde wa pande za Ruvuma walichanja nyuso na kutia mkaa katika chale, na alama zile zilimtambulisha mtu kwao. Wanawake wa Kiberiberi walichanjwa kidevuni. Mabaharia wa Kiingereza waliofika Tahiti pamoja na James Cook mwaka 1769 walilichukua neno lenyewe, tatuu, kwa watu wa huko, na mwaka 1891 Samuel O'Reilly alipewa hati ya mashine ya umeme ya kuchanjia huko New York, na tangu hapo kazi ya siku nyingi imekuwa ya saa moja. Waarabu nao walikuwa na desturi hiyo, wakichoma ngozi na kujaza wanja, na Mtume akamlaani mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa, kwa mapokezi yaliyomo katika Bukhari na Muslim.

Sahaba Ibnu Masud alipokuwa akiifikisha laana hii, alijiwa na mwanamke wa Bani Asad, Ummu Yaakubu, ambaye alikuwa msomaji wa Kurani, akamwambia kwamba ameisoma yote wala hakulikuta neno hilo. Akamjibu kuwa lau angalisoma kwa mazingatio angaliliona, na akamkumbusha ile amri ya Suratul Hashri ya kupokea alichotuletea Mtume na kukoma alipotukataza. Bibi yule hakutosheka. Alisema adhani mke wa Ibnu Masud mwenyewe anayo baadhi ya mambo hayo. Akaambiwa aende akatazame. Akaingia ndani, akatazama, asione kitu. Mimi nampenda sana bibi huyo. Aliuliza dalili, kisha akaenda kuhakikisha, na sahaba mkubwa hakumkaripia. Nasi tujibu hivyo hivyo binti zetu wanapouliza.

Wanaokwenda kuchanjwa hawaendi wote kwa ujeuri. Mwaka jana alinijia kijana wa mtaani petu baada ya sala ya isha, akaniamkia, akakaa kimya kitambo, kisha akapandisha mkono wa kanzu. Alikuwa ameandikwa jina la mamake, aliyefariki miezi mitatu kabla, kwa herufi nzuri zilizotiwa nakshi alizozichagua mwenyewe. Akasema, "Maalim, niliogopa nitamsahau. Sala yangu yasihi?"

Nilimweleza kwanza kilichomo ndani ya mkono wake: kwamba wino ule umekaa chini ya ngozi ya juu, umemezwa na chembe hai za mwili wake, na chembe zikifa nyingine huumeza tena, ndiyo sababu hautoki; na kwamba mwili ni amana, na mwenye amana hakutupa ruhusa ya kuuandika. Kisha nikamweleza alivyosema Imamu Nawawi, kwamba mahali palipochanjwa huwa na najisi kwa damu iliyogandamana na wino, na yawajibika kuiondoa ikiwezekana kwa dawa. Lakini ikiwa haiondoki ila kwa jeraha la kuhofia kiungo kuharibika au kubaki na dosari mbaya panapoonekana, haimlazimu, na akitubu hana dhambi. Akaenda kwa daktari ili atazamwe.

Juu ya mamake tulizungumza zaidi. Nilimuuliza, "Mama alikuwa akipenda nini?" Akasema alikuwa akiwagawia maji wapita njia mwezi wa Ramadhani. Basi tangu wakati ule liko pipa la maji na kikombe mlangoni kwao, na Ijumaa iliyopita nilimwona birikani, mikono ya kanzu ameikunja mpaka juu ya viwiko, akitia udhu mbele za watu wala hajifichi, na mzee aliyekuwa jirani yake akasogea kumpa nafasi.