Kanga wa Gobore Analiwa?

Katika vijiji vya Korogwe, kuanzia Kwashemshi hadi pembezoni mwa Handeni, mwenye gobore hana haja ya duka la risasi. Humimina baruti mtutuni kwa kipimo ambacho mkono umekizoea, akashindilia kitambaa kwa ufito wa chuma, akatia marisau, akashindilia tena, kisha akapachika fataki. Marisau ni chochote kilichopatikana: madini ya risasi yaliyoyeyushwa, goroli za baiskeli, vipande vya nondo. Bunduki si ngeni huku. Semboja wa Mazinde, mwana wa Kimweri, mfalme wa Washambaa aliyefariki 1862, alipata nguvu kwa bunduki na kwa biashara ya misafara.

Polisi watauliza leseni. Jikoni kwa Mwislamu huulizwa jambo jingine: kanga aliyeletwa akiwa ameshakufa, analiwa?

Aliyeuliza mapema ni Adii, mwana wa yule Hatim wa kabila la Tayi ambaye Waarabu wamemfanya mfano wa ukarimu. Alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mi'radh, mshale usio na manyoya. Jibu limepokewa na Bukhari na Muslim: aliyetobolewa na mshale huo ni halali, aliyepigwa na ubavu wake akafa ni kibudu, sawa na yule aliyekufa kwa kipigo ambaye Sura ya al-Maida inamharamisha. Kwa hiyo kinachotazamwa ni namna kifo kilivyoingia mwilini: kimetoboa, au kimeponda?

Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafi, na Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, kimesomeshwa sana hapa. Nawawi aliharamisha windo lililouawa kwa uzito wa kitu kama bunduqa, ambayo zama zake ilikuwa kidonge cha udongo. Baruti ilipoenea, wanazuoni wakagawanyika. Ibn Abidin wa Damasko, Mhanafi aliyefariki 1836, aliona kwamba madini ya risasi huua kwa kuunguza na kwa kishindo, hayana makali, basi windo ni haramu. Shawkani wa Yemen, aliyemtangulia kaburini kwa miaka miwili, alisema huingia huku na kutokea kule. Kutoboa gani tena kunakotakiwa? Dardir wa Misri, Mmaliki, alikwisha kuruhusu kabla yao. Mwindaji wa Korogwe, hata kama hajawahi kusikia majina haya, hukimbia na kisu mkononi ili amwahi kanga angali na uhai. Kisu humaliza ubishi.

Siku hizi madini yenyewe yanashitakiwa. Bata huokota punje za risasi zilizozama kwenye matope wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, wakafa kwa sumu. Marekani ilipiga marufuku punje hizo katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2023 katika ardhioevu, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa ndege wa majini wa Afrika na Ulaya-Asia, unaotaka jambo hilohilo. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha madini ya risasi mwilini kuwa salama, na vipande vyake hubaki nyamani hata baada ya kuchinja. Kurani inataka chakula kiwe halali na kiwe kizuri. Kisu kinatimiza sharti la kwanza. La pili kinaliacha palepale.

Basi tubadili tu, tutie chuma? Kwa mfuasi wa Shafi hukumu haigeuki, kisu bado kinahitajika. Kwa anayemfuata Shawkani inageuka. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya chuma haifiki 8. Punje nyepesi huishiwa kasi mapema, ndiyo maana wanaojaza chuma huchagua punje kubwa zaidi na hupiga kwa karibu. Mwindaji akipiga kwa mbali, punje inachubua bila kuingia, na kanga aliyekufa hivyo ni kibudu hata kwa hoja ya Shawkani mwenyewe. Kipande cha nondo chenye ncha kina hoja nzuri kuliko goroli, maana kinakata. Tatizo ni kwamba kinayumba hewani, kinaharibu mtutu, na kinajeruhi wengi ambao hakiwaui, ilhali Mtume aliyemjibu Adii ndiye pia aliyeamuru mchinjaji anoe kisu ili mnyama asiteseke.