Siti Iliyochanika ni ya Nani?

Kitu kikichakaa kwa sababu ya kazi, kukitengeneza ni kukiheshimu, au ni kuwafuta watu waliokichakaza? Swali hili linaonekana dogo mpaka uwe na kitu chenyewe mbele yako na mtu amesimama anasubiri jibu. Kwetu kitu hicho kilikuwa siti ya lori.

Lori ni Bedford TJ, ile yenye pua mbele, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Wasomaji waliokulia Kivu watasema kamyo, hapa Uganda tunasema lori, yote ni yaleyale. Siku hizi barabara imejaa Fuso na Isuzu, na kijana wa miaka kumi na tano anaweza asiijue Bedford kabisa. Lakini muulize mzee wa Mbale. Mbale ni mji wa kahawa: arabika inalimwa kwenye miteremko ya mlima Elgon, na chama cha ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954, mwaka uleule ambao bwawa la Owen Falls lilifunguliwa kule Jinja. Magunia yalikuwa yanashuka mlimani kwa punda, kwa vichwa vya watu na kwa malori. Jinja ilikuwa na umeme na viwanda, Mbale ilikuwa na mazao, na katikati kulikuwa na dereva.

Bedford tuliyoletewa ilikuwa ya baba yake mzee mmoja wa Mbale. Haijawahi kupigwa rangi upya. Mlangoni kuna herufi zilizofifia mpaka huwezi kusoma neno zima. Sasa iko Jinja, inabeba mchanga na matofali, na dereva wake ni mtu mzima anayelipwa kwa safari. Vijana wetu, wakimbizi walio mjini hapa wakijifunza ushonaji wa siti kwa fundi, walipewa kazi ya kupiga hesabu: siti ya mbele ivalishwe upya, au iachwe?

Kumbe kulikuwa na mtu wa tatu. Mfanyabiashara mmoja anayekodisha magari ya zamani kwa harusi na kwa watalii wanaokuja kuona chanzo cha Nile alishamwambia mzee kwamba atainunua, tena kwa bei nzuri, ila kwa sharti moja: isiguswe. Rangi, vioo, siti, vyote vibaki hivyohivyo.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na mimi nilikuwa kati yao, kwa hiyo naandika nikiwa na upande.

Nianze na wale waliosema iachwe, maana hoja yao si ya kijinga. Wakusanyaji wa magari ya zamani Ulaya na Marekani wana msemo kwamba gari huwa la asili mara moja tu. Ukishatoa kitambaa cha kwanza, hata ukiweka kizuri zaidi, cha kwanza hakirudi. Binti mmoja katika kikundi alilisema kwa njia iliyonigusa zaidi. Alitupeleka kwa maneno mpaka mtaa wa Main Street hapahapa Jinja, kwenye yale majengo ya zamani ya Wahindi. Ukiangalia juu, kwenye baadhi yake utaona mwaka, na pengine jina, vimeandikwa kwenye saruji. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, wenye nyumba wakaondoka, lakini maandishi yalibaki ukutani. Akasema: tajiri aliandika jina lake kwenye saruji. Dereva hakuwa na ukuta. Pale alipokalia mpaka siti ikabonyea, ndipo alipoandika la kwake. Ninyi mnataka kulifuta kwa sponji mpya?

Tulinyamaza. Hata sasa naona alisema kweli.

Lakini nenda ukaitazame siti yenyewe. Ni moja ndefu, imepita kutoka mlango huu mpaka mlango ule. Upande wa dereva ngozi ya plastiki imepasuka, springi mbili zimetoka juu, na dereva anazikunjia gunia ndipo akae. Upande wa taniboi haukuchanika, umeng'aa tu pembeni kwa kushikwashikwa. Fundi alipoifunua, tuliona kitu ambacho hatukukitegemea. Siti ile ilishashonwa zamani, tena zaidi ya mara moja. Kuna mshono wa uzi mweusi wa cherehani. Kuna mshono mwingine wa mkono, wa nailoni ya nyavu za samaki, jambo ambalo mtu wa Jinja halimshangazi. Na chini kabisa kuna kipande cha gunia kilichotiwa kuzuia springi.

Kwa hiyo neno "haijaguswa" lilikuwa si kweli tangu mwanzo. Siti iliguswa na kila aliyeumia juu yake. Wale madereva ambao binti yetu alitaka tuwaheshimu hawakuiacha siti ichanike ili sisi tuje kuishangaa. Walishika sindano. Mtu akikuachia mshono wa nailoni, amekuachia pia mfano wa nini cha kufanya springi inapotoka.

Kuna lile swali la jembe la babu. Mpini umebadilishwa mara tatu, chuma mara mbili: bado ni jembe la babu? Shuleni tunalicheka kama kitendawili, lakini Uganda ina jibu lake, na liko Kasubi, Kampala. Pale wamezikwa makabaka wanne wa Buganda, kuanzia Mutesa wa Kwanza. Nyumba kubwa ya makaburi iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. UNESCO, iliyokuwa imeiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, ikaihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na haikuitoa humo mpaka mwaka 2023, baada ya kazi ndefu ya kuijenga tena. Nyasi za leo si nyasi za zamani, na hata kabla ya moto hazikuwa zile za mwanzo, kwa sababu nyasi zinaoza na lazima zibadilishwe. Kilichobaki ni kazi yenyewe na watu wake: kuezeka pale ni jukumu la ukoo wa Ngeye, na wazee wanawafundisha vijana kwa mikono. Kama hakuna anayejua kuezeka, basi hata nyasi zile za kwanza zingekuwa bado zipo, nyumba imekufa.

Mimi nikachukua hilo na kulirudisha kwenye lori. Kinachotoka kwa dereva wa kwanza kuja kwetu ni nini hasa? Kitambaa, au tabia ya kuitunza gari iendelee kwenda?

Sasa nije kwa kinachoniuma, na ndiyo sababu naandika haya katika jarida letu na si kwingine.

Mnunuzi anaitaka siti ikiwa imechanika kwa sababu mchaniko unathibitisha. Unamwambia mteja wake: hili ni lori la kweli, limefanya kazi kweli. Yeye hatakaa pale kutwa. Atapiga picha na bibi harusi, dakika kumi, kisha ashuke. Dereva ndiye anayekaa. Uthibitisho ni wa mmoja na maumivu ni ya mwingine.

Siye wakimbizi hali hii tunaijua bila kufundishwa. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula makambini Uganda unagawiwa kwa makundi kulingana na uhitaji wa familia, na walio kundi la juu hawapati. Sisemi mpango huo ni mbaya, chakula kikipungua lazima mtu apange. Nasema kile ninachokisikia vijana wakiambiwa nyumbani: usibadilishe turubai sasa, ngoja watu wa tathmini wapite. Usipake ukuta. Kile kiti kizuri kiingize ndani. Mtu ana uwezo wa kuziba tundu, ana misumari na ana mikono, lakini anaacha mvua iingie kwa sababu tundu lake limekuwa karatasi ya ushahidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakumfikiria mtu ambaye ufa ndio unaomfanya aaminiwe.

Na si tundu la nyumba peke yake. Kuna mama anayesimulia safari yake kwa ofisa huyu, kisha kwa mgeni yule, kisha kwa mwenye kamera. Akianza kucheka tena, akishona nguo nzuri, wapo wanaojiuliza kama kweli aliteseka. Yaani anatakiwa abaki amechanika palepale ili picha itoke vizuri.

Kwa hiyo nilipoulizwa nasimama wapi, nilisema hivi. Kitu kinachobeba mtu bado, neno la kwanza ni la yule anayebebwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye mali ana haki yake, mpenda historia ana haki yake, lakini zinakuja baada ya mgongo wa dereva. Lori likistaafu, mambo yanabadilika. Hapa Jinja kuna makumbusho ya reli kwenye stesheni ya zamani, na hakuna anayesafiri kutoka pale. Kule, siti iliyochanika iachwe, iandikiwe kibao, watoto wa shule waione. Lori linalobeba mchanga kesho asubuhi si makumbusho.

Hata hivyo hoja ya binti yetu haikuanguka, na singependa ianguke. Kutengeneza kunaweza kuwa ukatili pia. Ukileta reksini nyekundu inayong'aa, ukatupa kila kitu cha zamani jalalani, ukampa mzee lori ambalo hamtambui baba yake ndani yake, umefanya kama wale wanaokuja kambini na mradi mpya na kuanza kwa kufuta kila tulichokuwa nacho kabla yao. Ndiyo maana tulijaribu kutenganisha uchakavu wa namna mbili. Kuna unaomuumiza mtu, na kuna ambao ni uzee tu. Springi iliyotoka inamuumiza. Pembeni palipong'aa kwa mikono ya mataniboi hapamuumizi mtu yeyote. Ukiona umechanganya hizo mbili, muulize anayekaa, naye atakuonyesha kwa kidole.

Tulimuuliza. Dereva alishangaa kidogo, maana mpaka siku ile mzee alikuwa ameulizwa, mnunuzi ameulizwa, fundi ameulizwa, na yeye bado. Alisema: "Vijana wangu, mimi rangi sina shida nayo. Nitoleeni hizi chuma."

Basi ikaamuliwa hivyo. Upande wa dereva ulipata springi nzima, sponji ngumu na turubai zito la kijani, bila mapambo, ili kila mtu aone kwamba hapa pametengenezwa na ni mwaka huu. Hatukujaribu kulifanya lionekane la zamani, maana huo ungekuwa uongo. Upande wa taniboi tuliushona tu ulipoachia. Ngozi ya zamani pamoja na ule mshono wa nailoni ilikunjwa, ikafungwa kwa gunia, ikawekwa chini ya siti. Mzee akitaka kuishika, ipo.

Kulikuwa na gharama, na sitaificha. Mnunuzi alishusha bei. Mzee ana wajukuu shuleni, na fedha iliyopungua ilikuwa ada ya mtu. Binti yetu aliniuliza kama nina uhakika kwamba mgongo wa mtu mmoja una uzito kuliko ada ya mwingine. Jibu langu ni kwamba mzee aliamua mwenyewe, akijua, baada ya kusikia pande zote, na kwamba fedha ya mnunuzi ilikuwa inalipwa na mgongo ambao haukuulizwa. Kama dereva angesema "acheni, nitavumilia mpaka iuzwe, nami nipate changu humo," ningeinama na kukubali. Uvumilivu wa mtu ni wake kuutoa, hatuna ruhusa ya kumuuzia mtu mwingine.

Ndugu zangu wa makambini, zibeni tundu. Najua hofu iliyopo, sijui kama kila mahali hofu hiyo ni ya kweli, lakini mtoto anayelala kwenye maji anaumwa kwa kweli. Na ninyi mnaofanya kazi nasi, mkikuta ukuta umepakwa rangi msiandike haraka kwamba hapa shida imeisha. Huenda ni mtu ameshika sindano tu, kama yule dereva wa nailoni. Na mkikuta kitu kimechanika, kabla hamjakipenda kwa uzee wake wala kukitupa kwa ubovu wake, kaeni juu yake safari moja nzima, Jinja mpaka Mbale kwa njia ya Tirinyi, ikiwa imepakia.