Je, Maji ya Fula Yanapita Bure?

Katika darasa langu la Kiswahili mjini Juba, mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyejifunza lugha hii ukimbizini Uganda, aliandika katika insha yake: "Maji ya Fula yanapita bure." Sarufi haikuwa na kosa, lakini sentensi yenyewe ilinitia katika fikira.

Fula ni maporomoko ya Mto Nile karibu na Nimule, kiasi cha kilomita 190 kusini ya Juba. Yamo katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1954, ambamo tembo na viboko wangali wanaishi. Kwa miaka mingi yamekuwapo mawazo ya kujenga bwawa hapo ili kupata umeme. Mwanafunzi wangu husoma usiku kwa mwanga wa tochi. Hapana shaka ana haki ya kusema.

Hata hivyo, yafaa tulitazame neno "bure". Lina maana mbili: kisicholipiwa, na kisicho na faida. Wanadamu tumezoea kuzichanganya, tukadhani kwamba tusichokilipia hakina thamani. Je, hewa tunayoivuta tumeinunua wapi?

Mwaka ule ule wa 1954, katika mto huu huu, Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na maporomoko ya Ripon yakazama. Baadaye Bujagali nayo ikazama, na bwawa lake likazinduliwa mwaka 2012. Umeme ulipatikana, wala hakuna mwenye akili atakayeubeza. Lakini vijana wa leo huyajua maporomoko hayo kwa jina tu.

Sisemi kwamba uzuri wa maji umpite mama anayejifungua gizani. Nasema kwamba mizani haipimi kitu iwapo upande mmoja tumeuita "bure" kabla ya kupima. Umeme waweza kupatikana kwa njia nyingine, hata kwa jua. Fula ni moja tu. Kwa hiyo, anayetaka kuizamisha ndiye apaswaye kuthibitisha kuwa hana njia nyingine, mbele ya wakazi wa kando ya mto, na kwa kuwakumbuka wasiozaliwa bado.

Insha niliirudisha na swali moja kwa wino mwekundu: "Bure kwa nani?" Nawaomba walimu wenzangu waliulize swali hilo madarasani mwao.