Kuwakisia Waliokufa: Ni Dhana au Ni Amana?



Maneno haya yanakujia kutoka Mafinga, mkoa wa Iringa, mji ulio kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, wenye baridi kali mwezi wa Juni, na uliozungukwa na misitu ya misonobari na mashamba ya chai. Kutoka kwenu pwani ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Lakini mauti hayajui umbali. Mtu wa huku hushuka Dar es Salaam kutafuta riziki, na akifa huko, mara nyingi gari humrudisha usiku ili azikwe kwao. Basi maiti mmoja huwa na miji miwili, mji alikofia na mji alikozikwa. Mwenye kuhesabu atamwandika wapi?

Swali hili lilitushika mwanzo wa mwaka 2021. Tokea Mei 2020 nchi yetu ilikuwa imeacha kutangaza hesabu za korona, nazo zilisimama kwenye wagonjwa 509 na waliokufa 21. Watu waliendelea kufa, nasi tuliendelea kuzika, na neno lililosikika matangani lilikuwa "changamoto ya kupumua". Tarehe 17 Februari 2021 akafariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimekwisha kusema waziwazi kwamba ameambukizwa. Je, wangapi wengine walikwenda kwa maradhi hayo? Daftari halikuweza kujibu, kwani kisichoandikwa hakisomeki.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya wataalamu wa kukisia. Wao husema: tutazame watu wangapi hufa katika miaka ya kawaida, kisha tutazame waliokufa katika mwaka wa maradhi, na kile kilichozidi tukiite vifo vya ziada. Kwa njia hii Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2022 kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 vifo vya ziada duniani vilikuwa kiasi cha milioni 14.9, ilhali vilivyotangazwa kuwa vya korona vilikuwa milioni 5.4 tu.

Na penye upungufu wa madaftari? Hebu tuutazame mji wa Aden, ambao mababu zetu waliujua kwa majahazi na pepo za msimu. Mji ule ulikuwa katika vita, na hesabu zake zimevurugika. Wataalamu wakachukua picha zilizopigwa na setilaiti kutoka angani, wakayatazama maziara 11, wakapima ardhi iliyofunikwa na makaburi mapya, wakalinganisha na miezi ya kabla ya maradhi. Wakakisia kwamba kufikia Septemba 2020 yalikuwa yamezidi maziko kiasi cha 2,120. Kazi kama hiyo ilifanywa Mogadishu, na kisio lake kwa miezi ya Januari mpaka Septemba 2020 likawa kati ya vifo vya ziada 3,200 na 11,800.

Ndugu msomaji, huenda moyo wako unasita kama ulivyosita wa mzee mmoja wa msikitini kwetu tulipomsimulia habari hizi. Alitoa hoja tatu, na zote zastahiki jibu la heshima.

Hoja yake ya kwanza: "Vipi kifo kiwe cha ziada? Kila nafsi ina ajali yake, haizidi wala haipungui." Hili ni kweli, na ndiyo itikadi yetu. Lakini ziada hii haikupimwa kwa elimu ya Mwenyezi Mungu, imepimwa kwa mazoea yetu sisi viumbe. Kwake Yeye hakuna aliyekufa nje ya hesabu. Kwetu sisi wamekufa wengi kuliko tulivyozoea, na kuzidi huko ni ishara inayotutaka tuulize sababu. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba kuna tauni, aliwarudisha watu wake. Abu Ubaida (R.A.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kwenda katika kadari ya Mungu. Lakini Sayyidna Umar aliwezaje kurudi? Ni kwa kuwa palikuwa na watu waliompasha habari. Lau wangelinyamaza kwa kuogopa kumuudhi mkubwa, angaliliingiza jeshi katika mauti. Basi habari ya maradhi ni katika sababu alizotuwekea Mola, na mwenye kuificha ameifunga njia ambayo Sayyidna Umar aliipita.

Hoja ya pili: "Kukisia ni dhana, nasi tumekatazwa kufuata dhana." Naam, tumekatazwa kuwadhania watu uovu, na tumekatazwa kusema tusilolijua. Lakini sheria yenyewe imekubali kisio mahali pake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, tende na zabibu hukisiwa zingali mtini ili ijulikane zaka yake, na wanavyuoni huliita jambo hilo khars. Mtume (S.A.W.) alimtuma Abdullah bin Rawaha (R.A.) kwenda Khaybar kuzikisia tende za huko. Imepokewa kwamba watu wa Khaybar walitaka kumlainisha kwa mapambo ya wake zao, naye akayakataa na kuyaita haramu. Kisha akawapa hiari: wakitaka wachukue wao kwa kisio lile, au wamwachie yeye. Na imepokewa pia kwamba mkisiaji aliamriwa aache theluthi, au walau robo, asiwabane watu.

Tazama, ndugu yangu, mafunzo yaliyomo katika kisa hiki kimoja. Mkisiaji awe mjuzi wa kazi yake. Asinunuliwe, si na anayetaka hesabu kubwa ili apate fedha za msaada, wala na anayetaka hesabu ndogo ili asilaumiwe. Kisio lake awe tayari kulisimamia hata likigeuzwa juu yake. Na aache nafasi ya kukosea. Kwa hiyo yule asemaye Mogadishu ni kati ya 3,200 na 11,800 si mbabaishaji kwa kuwa ametaja nambari mbili zilizo mbali. Huyo ameacha theluthi yake. Wa kuogopwa zaidi ni mwenye kutaja nambari moja tu kwa kiburi, ikiwa kubwa au ikiwa sifuri.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi moyoni mwa mzee wetu: "Maiti ni wa kusitiriwa. Kwa nini tumtangaze?" Lakini kinachositiriwa ni aibu, na maradhi si aibu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu anayekufa kwa tauni ana daraja ya shahidi, na wanavyuoni wengi wamewatarajia hivyo waliokufa kwa korona. Tangu lini shahidi akafichwa? Isitoshe, maiti yule ana watu walio hai nyuma yake: aliyemkosha, aliyemtia sanda, aliyeshuka kaburini, mjane anayekaa eda katika chumba kile kile alichougulia mumewe. Hao wana haki ya kujua ili wajihadhari. Sitara inayowadhuru walio hai si sitara, ni khiyana. Na hesabu haitaji jina la mtu. Huhifadhi ukweli na kuiacha heshima ya kila nyumba mahali pake.

Mzee alinyamaza, kisha akauliza jambo ambalo hatukuwa na jibu lake: "Na sisi wa vijijini, ambao wengi huzikwa pembeni mwa nyumba zao, chini ya miti, kando ya mahindi, hicho chombo cha angani kitatuona?"

Hakitatuona. Huu ndio upungufu wa kisio, na si haki kuuficha. Mji mkubwa wenye maziara yaliyokusanyika huonekana, bali kijiji hakionekani. Mnyonge aliyekosa daktari alipougua hukosa kuandikwa alipokufa, kisha hukosa hata kukisiwa. Nasi twajua kwamba mwenye kuua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyewaua watu wote. Ikiwa nafsi moja ina uzito huo, basi kuisahau si jambo dogo.

Kumkosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wakifanya baadhi yetu wengine huokoka, na tukiacha sote hupata dhambi. Hatusemi kwamba kumwandika ni faradhi ya tano, kwani hatuna mamlaka ya kuongeza katika dini. Twasema tu kwamba kuficha ushahidi kumekatazwa, na kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwahi kuamrisha waandikwe majina ya waliosilimu. Kuandika watu si bidaa.

Kwa hiyo kila msikiti uwe na daftari moja: jina la marehemu, umri wake, siku aliyokufa, alikofia, na alichougua kwa kauli ya waliomuuguza. Kisha wenyewe wapeleke habari kwa RITA huku Bara, na kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa walio Zanzibar. Kalamu na karatasi havishindi uwezo wa nyumba yoyote, na yatakapokuja maradhi mengine, wajukuu wetu hawatalazimika kutazama kutoka mbinguni ili kujua wangapi tuliwazika kwa mikono yetu wenyewe.

Kwetu Mafinga daftari limeanza. Jina la kwanza ndani yake aliliandika mzee yule yule, na lilikuwa la ndugu yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia, walioandikwa na wasioandikwa. Wallahu aalam.