Mkono na Mwenye Mkono

Kila mwalimu aliyekaa kazini muda mrefu hukutana na swali hili: kipawa cha mtoto ni mali ya nani? Ni cha mtoto mwenyewe, ni cha wazazi waliomzaa, ni cha mwalimu aliyekigundua, au ni cha taifa litakaloshangilia? Nimewafunda walimu kwa miaka mingi, nami nimeona kwamba sisi wakubwa hulijibu swali hili haraka mno, hasa pale kipawa kinaponukia fedha. Nakuomba, msomaji, tulitafakari polepole. Mfano wangu nitauchukua ng'ambo ya kaskazini ya ziwa hili linalopiga mawimbi hapa kwetu Busisi.

Kule Uganda wako vijana wanaocheza besiboli. Kwa wasioujua mchezo huo, mrushaji husimama mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, akamrushia mpira mgumu usiofika uzito wa gramu 150. Ukirushwa kwa kasi ya kilometa 150 kwa saa, mpira humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijapita. Watoto wa huku kwetu waliokuwa wakilinda mpunga na mtama kwa kombeo wangeuelewa mchezo huo upesi. Shabaha, bega na utulivu wa moyo ndiyo mali yote ya mrushaji.

Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilipata nafasi ya kwenda Williamsport, Marekani, katika fainali za dunia za ligi ya watoto. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kuipata nafasi hiyo, lakini haikwenda. Ilinyimwa viza kwa kuwa maelezo ya nyaraka za kuzaliwa hayakulingana. Katika nchi zetu, ambako wengi wamezaliwa nyumbani na mwaka wao ukakumbukwa kwa njaa au kwa mafuriko, jambo hilo si geni. Lakini nani alilipa gharama? Karatasi ni kazi ya watu wazima. Waliobaki nyumbani ni watoto.

Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika Williamsport. Mwaka 2015 walikwenda watoto wa shule ya sekondari ya Allen VR Stanley, iliyojengwa pamoja na viwanja vya besiboli kwa juhudi za Mmarekani Richard Stanley, nao wakaifunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwapa mikataba vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakamchukua mrushaji David Matoma, ambaye mpira wake umevuka kasi ile niliyoitaja. Kutoka ligi ya watoto hadi mlangoni kwa wachezaji wa kulipwa, njia ilikuwa imefunguka.

Nafurahi nao kwa moyo wote. Hata hivyo, mlangoni si ndani. Ligi kuu ya Marekani ina klabu 30, na kila klabu kwa sehemu kubwa ya msimu ina wachezaji 26. Hizo ni nafasi 780 tu, zinazogombewa na dunia nzima. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alitia sahihi mwaka 2008, akazunguka katika ligi ndogo hadi tarehe 26 Aprili 2017, alipokuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa barani humu kucheza ligi kuu. Jumla ya michezo aliyocheza humo ni 41. Karibu miaka tisa ya jasho kwa michezo 41, naye ndiye aliyefanikiwa!

Tena mkono wa mrushaji ni kitu kinachochakaa. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alitoa kano katika mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John, akaipandikiza katika kiwiko chake cha kushoto kilichokuwa kimeharibika. Mchezaji huyo alirudi uwanjani, akaendelea hadi mwaka 1989, na upasuaji huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kwa kuujua udhaifu huo, ligi ya watoto ya Marekani imeweka kanuni: mtoto wa miaka 11 au 12 asirushe zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi apumzike siku nne kamili.

Kanuni hiyo naiona kuwa fundisho kubwa la maadili. Mtoto mwenyewe hatasema amechoka, maana anataka kutupendeza. Kocha anataka kushinda, mzazi anataka kujivunia. Basi ilibidi iandikwe hesabu isiyojali machozi ya mtoto wala tamaa ya mkubwa. Anayekiri kwamba upendo wake unahitaji kuwekewa mpaka, huyo ndiye mlezi.

Wapo watakaonipinga. Watasema mtoto wa maskini hana anasa ya kuchagua. Mkono mmoja ukipata mkataba, ukoo mzima utapata bati na ada za shule. Ni kweli, nami siwabezi. Lakini umaskini unaongeza wajibu wetu. Mtoto wa tajiri akiumia bega anarudi kwenye duka la baba yake. Wa maskini anarudi wapi?

Wengine watauliza: je, nyinyi walimu hamkuwachagua watoto kwa vichwa vyao? Kichwa nacho si kiungo kama mkono? Hoja hii ni nzito zaidi. Jibu langu ni kwamba tuliyemchagua kwa hesabu tulimfundisha pia kulima, kuimba na kuishi na wenzake. Na aliyeshindwa mtihani aliondoka na kitu. Uchaguzi wenyewe si dhambi. Dhambi ni kumlisha mtoto kwa ajili ya kiungo kimoja, halafu kiungo kikivunjika ukamwona mwenyewe kuwa hasara.

Siku hizi jambo hili limetusogelea. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, hatungojei tena kivuko, na wanaotafuta vipaji vya mpira wa miguu nao huvuka kwa dakika chache. Mvuvi mmoja jirani yangu aliniletea karatasi. Kituo kimoja cha mjini kilimtaka mwanawe wa miaka 13. Niliisoma mara mbili. Ilitaja viatu, nauli, na asilimia ya fedha ambayo kituo kingepata kijana akiuzwa. Shule haikutajwa hata mara moja.

"Mwalimu, nitie sahihi?" aliniuliza.

Nilimshauri aombe mistari miwili iongezwe: kwamba mtoto atasoma hadi kidato cha nne hata akiachwa na timu, na kwamba akivunjika mguu kituo kitamtibu. Mstari wa kwanza waliukubali. Wa pili walisema watautafakari, na mpaka ninapoandika bado wanautafakari. Baba yake hajatia sahihi, na nyumbani kwake wapo wanaomlaumu kwamba anamzibia mtoto riziki.

Mimi simlaumu. Kipawa ni cha mtoto, na sisi wengine wote ni walinzi tu. Mlinzi mwema wa shamba hupimwa kwa mazao, ndiyo, lakini hupimwa pia kwa hali ya udongo atakaouacha baada ya mavuno. Anayeutaka mkono wa mtoto na aseme kwanza atamfanyia nini mwenye mkono.