Nyumba ya Goba, Kazi ya Dodoma

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulipitishwa mwaka 1973 ukakaa kwa sehemu kubwa kwenye makaratasi kwa zaidi ya miaka 40, hadi Rais Magufuli alipoanza kuuhimiza kwa vitendo mwaka 2016. Tangu hapo zipo familia za watumishi zinazoishi nusu kwa nusu. Baba amepanga chumba Dodoma. Mama na watoto wamebaki Goba, Dar es Salaam, kwenye nyumba iliyojengwa kidogo kidogo, kiwanja mwaka huu, msingi mwaka ule, bati kwa mkopo, watu wakahamia kabla madirisha hayajakamilika. Ukiuliza kwa nini wasiende wote, jibu la kwanza ni hiyo nyumba. Jasho lililomwagika pale nalithamini. Ila naona jibu hilo limepinduka: nyumba ilijengwa ili watu wakae pamoja, na ikishakuwa ndiyo sababu ya kutengana kwao, haina tena haki ya kuwaamulia.

Kuacha nyumba si jambo geni katika imani zetu. Wakristo na Waislamu wanamheshimu mzee mmoja, Ibrahimu, ambaye Biblia inamsimulia akiiacha nchi yake pamoja na Sara mkewe na Lutu, mtoto wa nduguye. Waislamu wa mwanzo nao waliacha nyumba zao Makka mwaka 622 wakaenda Madina, na kalenda yao inahesabiwa kuanzia safari hiyo. Si kwamba mali ilidharauliwa. Mapokeo yanaeleza kuwa Ali, binamu wa Mtume Muhammad, aliachwa nyuma ili awarudishie watu wa Makka amana walizomkabidhi Mtume, na humo naona jibu kwa wanaosema kuhama ni kuwatupa majirani. Deni la ujirani ni la kweli: kuna mkopo wa kikoba, kuna jumuiya ndogondogo iliyokesha nanyi msibani, kuna msikiti mlioahidi kuuchangia saruji. Deni hilo hulipwa kabla ya kufunga mizigo. Miaka ya mtoto ikishapita hailipiki.

Wapo wanaosema treni imemaliza tatizo, maana tangu 2024 treni ya umeme inamfikisha mtu Dodoma kwa takriban saa nne. Ni ahueni kubwa, lakini malezi hayasubiri Ijumaa. Mtoto anadanganya Jumanne, anaugua Jumatano usiku, na anayebaki kumkanya na kumuuguza ni mmoja. Wengine wanauliza: mzazi wa Goba anayefanya kazi Posta, akaondoka alfajiri na kurudi watoto wamelala, ana nafuu gani? Kwa kweli hana, na hoja yao inaniunga mkono. Jiji la Dar es Salaam lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022 linamla mzazi saa zake barabarani. Jiji la Dodoma halikufika milioni moja katika sensa hiyo, na anayetoka kwenye ofisi za serikali za Mtumba bado anaweza kukaa na wanawe kabla ya chakula cha jioni.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka kwenye historia yetu wenyewe. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni lazima ifikapo mwisho wa 1976. Lengo lilikuwa shule, maji na zahanati, lakini mamilioni walihamishwa, wengi kwa nguvu, na wapo waliochomewa nyumba ili wasirudi. Wema wa lengo haukuondoa dhuluma ya kutoulizwa. Mume anayerudi na tarehe ya lori la mizigo, bila kumsikiliza mkewe mwenye wateja wake Goba wala kijana anayekaribia mtihani wa kidato cha nne, anairudia dhuluma ileile ndani ya kuta nne. Wajibu wa kukaa pamoja haumpi yeyote amri ya kuchagua mji peke yake. Kijana asubiriwe amalize mtihani. Na kama duka la mama ndilo linalolipa ada na kuweka chakula mezani, anayepaswa kuomba uhamisho ni baba, hata kama cheo chake kitabaki Dodoma.